Mechi Iliyoangukia Giza

Mwalimu Josepha alizaliwa na wasiwasi wake, hakuupata ukubwani. Mvua isiponyesha alihofia ukame, ikinyesha alihofia ukuta wa jirani. Ukichelewa mazoezini kidogo tu anakuuliza kama nyumbani kuna msiba, na ukiwahi sana anakushika paji la uso aone kama una homa. Sisi wasichana wake tulimwigiza kwa siri anavyofinya vidole vyake, lakini hakuna aliyethubutu kukosa mazoezi, kwa sababu angekuja kwenu kukutafuta, na angeanza kukuita tangu barabarani.

Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa fundi cherehani. Alikuja Mwanza kutoka Kamachumu, upande wa Bukoba, akiwa msichana, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, na huko akachezea timu ya wanawake, enzi zile kiwanda kilipokuwa na timu, bendi na zahanati yake. Kisha ukaja wakati wa kupunguza watu. Kiwanda kikafungwa, bendi ikatawanyika, mitumba ikajaa sokoni, na Josepha akaweka cherehani barazani Kirumba akawa anapunguza suruali zilizoshonwa kwa ajili ya Wazungu wanene. Wenzake waliopunguzwa kazi walikwenda kwenye biashara ya sangara. Yeye jioni alifunga cherehani, akaita mabinti wa mtaani, akatufundisha mpira. Kwa nini alifanya hivyo hakuwahi kueleza vizuri. Alisema tu kwamba akikaa bure mawazo yanamzidi.

Basi mwaka tisini na nne tulikuwa timu kamili, jezi za njano alizozishona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia. Mimi Sabina nilikuwa nahodha. Nilikuwa na mbio na mdomo, na sina hakika alinichagua kwa kipi.

Kipa wetu alikuwa Kija. Hatukuwa na mwingine. Sisi wengine wote, mpira ukija usoni, tulifumba macho. Kija alizidi kuyafumbua. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, wa miaka kumi na sita, na mpira akiushika umeshikwa. Mama yake alianika dagaa kwenye mwalo mdogo, ufuko wa kushushia samaki, ulio nyuma ya mawe, chini kidogo ya uwanja wa Kirumba. Baba yake alikwenda visiwani kuvua, mwaka ukapita, tukasikia ana mji mwingine huko. Nyumba nyingine za mwaloni zilikuwa na mashangazi, wadogo na wakwe wa kusaidia kazi. Hii ilikuwa na mama na Kija, basi.

Asiyekulia ziwani anisikilize hapa kidogo. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Karabai inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa angani taa haiwababaishi, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi hukaa nchi kavu, hushona nyavu na kugombana na wake zao. Mwezi ukifa, siku hizo zinaitwa giza, na giza ndiyo kazi. Mitumbwi inarudi asubuhi imejaa, wanawake wananunua, wanamwaga mchangani, wanaanika, wanageuza juani hadi alasiri. Mvua ikiwakuta dagaa kabla hawajakauka, mteja anayebaki ni mfuga kuku, naye bei anapanga yeye.

Mwaka uliotangulia, siku moja ya giza, Kija alikuwa mazoezini mvua iliposhuka. Mama yake alikuwa peke yake. Karibu mzigo wote ulikwenda kwa kuku, na nyumba ile ilikula ugali kwa chumvi kwa muda ambao hatupendi kuukumbuka. Mama Kija alipanda uwanjani na fagio mkononi, akamsimamia Mwalimu mbele yetu sote.

"Mbalamwezi, mtoto ni wako. Giza, ni wangu. Na siku dagaa wangu wakiloa tena kwa ajili ya mpila, Kija hatagusa mpila mpaka naingia kabulini."

Josepha akakubali. Tangu hapo timu yetu ikawa inafuata mwezi. Siku za mbalamwezi tulifanya mazoezi hadi miguu ikakataa. Giza likiingia, Mwalimu alirudi kwenye suruali zake na sisi tukarudi mchangani, maana karibu wote tulikuwa watoto wa dagaa.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya wasichana wa mikoa ya ziwa. Sisi tucheze na Sengerema, na mshindi avuke kwenda Bukoba kukutana na wasichana wa Kagera na Mara. Bukoba! Mwalimu alipotuambia alisahau kufinya vidole. Baba yake alikuwa bado hai kule Kamachumu, na tangu kiwanda kilipofungwa alikuwa hajakwenda kumwona, kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Sasa angerudi na timu.

Alikwenda kwenye kamati akaomba mechi ichezwe siku ya mbalamwezi, wakakubali bila kuelewa. Halafu mgeni rasmi akapata safari. Mechi ikasogezwa Jumamosi ya mbele, saa nane mchana kwa sababu saa kumi uwanja ni wa wanaume, na timu isiyofika imetolewa. Kalenda ya ukutani ofisini kwao ilionyesha Jumamosi. Haikuonyesha kwamba ni katikati ya giza.

Mwalimu akarudi kuomba tena. Katibu akamwuliza sababu. Akamweleza habari za mwezi na dagaa, na katibu akacheka hadi akakohoa.

"Mama, hii ni mechi ya mpira au tambiko?"

Wiki ile Josepha alikonda tukimwona. Alishona mguu wa suruali ya mteja ukafungwa chini. Alianza sentensi akaiacha. Ijumaa asubuhi akanichukua tukashuka mwaloni, na njiani nikamsikia akisali kwa Kihaya.

"Mwangaluka, Mama Kija," alisalimu kwa Kisukuma, kwa unyenyekevu wote.

"Mwangaluka. Jibu ni hapana."

"Sijasema kitu."

"Unafinya vidole."

Mimi nikasema shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikajibanza nyuma ya jiwe. Kija alikuwa pale pale akigeuza dagaa kwa fagio, ameinama, hatazami mtu.

"Kesho saa nane ndiyo mechi," Mwalimu akasema. "Nikimkosa Kija tumetolewa hata kabla ya kuingia."

"Na mimi nikimkosa Kija? Tazama mchanga huu. Kesho utajaa kuanzia hapa mpaka kwenye lile jiwe. Nina mikono miwili, Mwalimu. Mvua ikija nitazoa lobo tu ya dagaa. Waliobaki niwaitie kuku?"

Josepha akautazama mchanga. Akamtazama Kija mgongo. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hata yeye hakulijua mpaka lilipomtoka.

"Chukua yangu."

"Yako nini?"

"Mikono. Kesho nitakuwa hapa badala ya Kija, tangu mitumbwi inafika mpaka dagaa wamezolewa."

Mama Kija alicheka, na wanawake wa jirani wakacheka, kwa sababu mwalo mzima ulijua kwamba Mwalimu akipita pale huweka leso puani.

"Wewe Mhaya? Si mnasema dagaa ni chakula cha paka?"

"Sisemi tena."

"Na timu yako?"

"Sabina ataiongoza."

Nilitaka kusema Sabina hawezi, Sabina ana mdomo tu. Lakini Kija alikuwa ameinuka, amesimama na fagio lake, anamtazama mama yake kwa macho ambayo sikuwahi kumwona nayo golini wala popote.

"Njoo," Mama Kija akasema hatimaye. "Lakini neno langu liko palepale. Wakiloa, mpila umekwisha."

Yaliyotokea mchangani siku ile Mwalimu ametusimulia mara nyingi, na kila mara mvua inaongezeka ukubwa, lakini Mama Kija anathibitisha mengine yote. Josepha alifika na mitumbwi. Alibeba mabeseni kichwani, maji ya dagaa yakamchuruzika shingoni. Alianika, akakosea, wakalundikana, akafokewa, akaanika upya. Kufika adhuhuri magamba yalikuwa yamemganda mikononi hadi viwiko, na mgongo ulikuwa unamwaka. Hayo yote, anasema, yalikuwa mapumziko. Mateso yalianza saa nane.

Kutoka mchangani unausikia uwanja lakini huuoni. Kelele zilikuja juu ya mawe, na hazikumwambia kitu, kwa sababu watu wengi walikuwa wamekuja kutucheka. Msichana akianguka, kelele. Akikosa mpira, kelele zaidi. Goli nalo lingekuwa kelele tu.

"Hiyo ni goli?" Josepha akauliza, amesimama ghafla.

"Geuza dagaa."

Akageuza. Uwanja ukanyamaza, na kimya kikamtisha kuliko kelele. Labda mtu ameumia. Labda Kija ameumia. Aliwaza mguu uliovunjika, akawaza atakavyomwambia mama aliye pembeni yake, akawaza mkono pia. Kelele ikapaa tena.

"Hiyo je? Mama Kija, hiyo ni goli, si goli?"

"Mwalimu, mimi mpila siujui. Geuza."

Kisha Mama Kija mwenyewe akaacha kugeuza. Alikuwa akitazama ng'ambo, upande wa Sengerema, ambako wingu lilikuwa limeinuka jeusi na maji chini yake yamebadilika rangi. Dagaa walikuwa wamekauka juu tu. Upepo wa kwanza ukapita, wa baridi. Josepha anasema hapo hapo alisahau kabisa uwanja. Wakaanza kuzoa.

Huku uwanjani sisi tulikuwa tunaongoza. Kona iliyopigwa vibaya ilimgonga beki wao kisigino ikaingia, na goli ni goli. Kija alikuwa amedaka kila kitu, hata penati, akashuka chini nayo na watu waliokuja kutucheka wakamshangilia kwa kweli. Nilikuwa nahesabu Bukoba tumefika. Kipindi cha pili kilikuwa katikati, na Kija ndiyo kwanza amedaka krosi, mpira uko kifuani mwake, tone la kwanza lilipotupiga. Yale matone makubwa.

Sitaki mtu aniulize nani alianza. Mtoto aliyekulia mwaloni hafikirii mvua ikidondoka. Amefundishwa kwa makofi tangu hajui kusema: tone likikugusa, kimbia mchangani. Nilimwona Kija amegeuka, amepita pembeni ya goli lake, mpira ungali kwapani, anakata kwenda getini. Nikajikuta namfuata. Timu nzima ikatufuata. Nyuma yetu filimbi ililia, ikalia tena, na watu jukwaani wakasimama wakidhani kuna ugomvi.

Tulishuka kati ya mawe tukiteleza. Mchangani Mwalimu na Mama Kija walikuwa wamepiga magoti, wanakusanya kwa mikono kwa sababu fagio lilikuwa linawachelewesha, na sehemu kubwa ilikuwa bado imetandazwa. Mwalimu akainua uso akaona jezi za njano.

"Mnafanya nini hapa?" Sauti yake ilipasuka. "Rudini! Rudini uwanjani!"

"Mwalimu, dagaa," nikasema.

"Mimi nimekaa hapa kwa sababu gani? Kwa sababu gani, Sabina? Kija, rudi!"

Alikuwa analia, na mikono haikuacha kuzoa. Sisi tulikuwa tumeshainama. Nilipogeuka kuchukua beseni niliona mikono mingine karibu na yangu, na jezi ya bluu. Nikaangalia vizuri. Sengerema walikuwa wametufuata, wote. Baadaye nilimwuliza nahodha wao walifikiria nini, akanishangaa. "Tuliona mvua inakuja na nyinyi mnakimbia. Tungebaki kufanya nini?" Nao walikuwa watoto wa mwaloni, wa ng'ambo tu.

Timu mbili zikizoa, mchanga unasafishwa haraka. Turubai likavutwa juu ya lundo na sisi tukakaa pembezoni mwake kulizuia, na hapo ndipo mvua ikashuka kweli. Ukingo mmoja upande wa maji ulikuwa umeloa. Mama Kija alitia mkono chini ya turubai akapapasa pale, akanusa vidole, akavifuta kwenye kanga. Josepha alikuwa anamtazama usoni kama anayesubiri kusomewa hukumu.

Mwamuzi, Bwana Ndalahwa, alitokea kati ya mawe, viatu mkononi, amelowa chepechepe.

"Mpira wangu uko wapi?"

Kija akamnyooshea. Alikuwa ameukalia.

"Sheria nazijua," mwamuzi akasema kwa hasira. "Timu ikitoka uwanjani bila ruhusa imeshindwa. Sasa zimetoka zote mbili. Nimpe nani ushindi, mgeni rasmi?" Akatazama turubai linavyopigwa na upepo, akakanyaga kona iliyokuwa inainuka, akabaki ameikanyaga. "Mvua ikipungua tunamaliza. Nimesimamisha mimi, kwa mvua. Atakayeulizwa aseme hivyo."

Ikapungua. Tukapanda. Mama Kija alifunika lundo vizuri, akaweka mawe, kisha akatufuata, ingawa hakuna aliyemwalika. Alisema anataka kuona hicho kitu. Akaenda kusimama nyuma ya goli la Kija na Josepha pembeni yake, wote wawili wamejaa magamba, na watu wakawapisha kwa sababu ya harufu.

Tulikuwa na goli letu, muda ulikuwa umebaki kidogo, na nilijua kwamba tumeshafika. Sengerema wakapiga shuti la mbali, jepesi, la kumrudishia kipa. Kija akalifuata kwa mikono miwili kama kawaida yake. Mpira ukamponyoka, ukapita kati ya viganja, ukavuka mstari.

Hakuelewa. Aligeuza viganja akavitazama. Mikono iliyozoa dagaa ambao hawajakauka haitakati kwa mvua, inabaki na ule utelezi, na mpira nao alikuwa ameushika kwa mikono hiyo. Mama yake akaelewa kabla yetu. Aliingia uwanjani kwa mwendo wake wote, akamshika Kija mikono akaanza kumfuta kwa kanga, kidole kimoja kimoja, huku mwamuzi anapiga filimbi na jukwaa linalia kwa kicheko. Ilibidi Mwalimu aje amtoe.

Haikusaidia. Mpira wa pili ulikuwa wa juu, Kija aliruka akaufikia, nikaona kabisa vidole vimeufikia, na ukateleza hivyo hivyo. Mbili kwa moja. Filimbi ya mwisho ikalia na wale wasichana waliotuzolea dagaa wakarukaruka kwa furaha, kisha wakatuona, wakaacha kuruka.

Bukoba ilikuwa imekwisha. Kija alikaa golini kwenye tope, amefunika kichwa kwa mikono. Josepha alisimama tu. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule hakuwa anafikiri juu ya Bukoba wala baba yake. Alikuwa anafikiria ukingo ule ulioloa, na neno la Mama Kija ambalo halijawahi kurudi nyuma. Alikuwa amempoteza kipa, na bila kipa hakuna timu, na bila timu hakujua jioni angefanya nini na mawazo yake.

Mama Kija alikuwa amekunja uso. Alimtazama yule mshambuliaji wa Sengerema kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Huyu aliyemfunga mwanangu, mikono yake iliteleza?"

"Yeye anatumia miguu, Mama Kija," Josepha akajibu kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo ametuonea."

Josepha alikuwa anafinya vidole, magamba yanadondoka.

"Sasa," Mama Kija akasema, "maludiano lini?"

"Nini?"

"Maludiano. Si huwa kuna maludiano? Nasikia wanaume wanasema kila siku pale mwaloni."

"Hayapo. Hii ni mtoano. Ukifungwa umetoka."

"Nani kasema?"

Mwalimu akanyoosha kidole kuelekea jukwaani, kwenye meza ya kamati, ambako katibu alikuwa anakausha karatasi zake. Mama Kija akamwinua Kija kwa mkono kutoka kwenye tope, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kwenda kule, na alipoona Mwalimu amebaki amesimama, akageuka.

"Twende, Mwalimu. Mimi siwezi kuongea nao peke yangu, mpila siujui."

Ukingo ulioloa hakuutaja, na Josepha akaangua kilio mbele ya watu wote, kilio cha sauti, akawa anamfuata huku analia, na sisi nyuma yao.